Jiko la Kopo kwa Anayelala Nje Zuzu

Mtu akiuliza abebe jiko gani akienda kulala nje usiku mmoja au miwili upande wa Zuzu, jibu langu ni kwamba mtungi wa gesi aubakize nyumbani. Mtungi mdogo tuliouzoea una kilo 6 za gesi, na chuma chake nacho kina uzito wa karibu kiasi hicho hicho. Ukiufunga kwenye keria ya baiskeli kutoka Dodoma mjini, nguvu zako nyingi zinaishia kwenye huo mtungi, wakati unachotaka kupika ni chai ya jioni, uji wa asubuhi na chakula kimoja cha usiku. Kwa safari ya namna hiyo kuna jiko linaloingia ndani ya kikombe, la kujitengenezea mwenyewe kwa kopo tupu na msumari, nalo linawaka kwa spiriti.

Wapo watakaosema kuni ziko tele, tabu yote hiyo ya nini. Zuzu iko magharibi mwa jiji, kwenye Reli ya Kati, katika nyanda kavu zinazopata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu mmomonyoko ulikuwa umeila ardhi ya mkoa huu, na hadi leo kuna wakulima wanaofuata njia ya Kisiki Hai: wanachagua machipukizi kwenye visiki vya zamani, wanayapogolea na kuyalea mpaka yawe miti tena. Kichaka unachokiona cha kukata huenda ni kazi ya mtu ya misimu kadhaa. Halafu kuna moto wenyewe. Miezi mizuri ya kulala nje huku ni Juni hadi Oktoba, mbu wakiwa wachache na barabara zikiwa kavu, na ndiyo miezi ambayo nyasi zimekauka kabisa na upepo wa kutoka mashariki hauchoki. Moto wa kuni unarusha cheche na unaacha makaa yanayopumua chini ya majivu hadi alfajiri. Spiriti haina cheche wala makaa, ikiisha, imeisha.

Si kitu kigeni kwetu. Waliokulia kwenye nyumba zenye jiko la pampu wanakumbuka kwamba kabla ya kupampu ilibidi kumwaga spiriti kidogo kwenye kikombe cha chini ya kichwa cha jiko na kuiwasha, ili mafuta ya taa yapate joto na kugeuka mvuke. Majiko ya aina hiyo, maarufu kwa jina la Primus, yalitoka Sweden mwaka 1892. Huko huko Sweden kampuni ya Trangia ikaanza mwaka 1951 kuuza jiko la safari linalotumia spiriti peke yake, na bado linauzwa hadi leo. Mafundi wetu wa bati, kwa upande wao, wamekuwa wakigeuza makopo kuwa koroboi kwa vizazi. Anayeweza kutengeneza koroboi anaweza kutengeneza jiko hili akiwa anaongea na wateja.

Kopo, kwa kweli, ndilo jambo jepesi kuliko yote. Mambo magumu ni mawili: unatia nini ndani yake, na upepo wa Dodoma utauzuiaje. Tuanze na la kwanza, maana ndilo linaloweza kumdhuru mtu.

Spiriti inayofaa ni ethanoli yenye nguvu ya asilimia 90 kwenda juu, ile inayotokana na molasi ya miwa. Inauzwa kwenye maduka ya dawa na ya rangi, na ile isiyo ya kunywa mara nyingi hutiwa rangi ya zambarau na vitu vya kuifanya isinyweke. Soma kibandiko. Kwenye duka la dawa utakuta pia spiriti ya asilimia 70, nzuri kwa kusafishia ngozi lakini mbaya jikoni, kwa sababu karibu theluthi yake ni maji: itawaka mwanzoni, itafifia, na kukuachia kidimbwi ndani ya kopo wakati chai haijachemka. Vitakasa mikono vina kasoro hiyo hiyo. Kama kibandiko hakieleweki, pima mwenyewe: mimina kijiko kimoja cha chai kwenye kisosi cha chuma, uani, mbali na chochote kinachoshika moto, uwashe. Spiriti nzuri huisha na kuacha unyevu tu. Dhaifu huacha maji unayoweza kuyamwaga.

Konyagi ina kilevi asilimia 35, haifai. Gongo hujui ina nini ndani yake, achana nayo. Methanoli tupu inawaka vizuri sana lakini ni sumu inayopofusha na kuua, na hupita hata kwenye ngozi na kwa mvuke. Usiinunue kwa kazi hii hata ikiwa rahisi. Mafuta ya taa kwenye kopo lisilo na utambi yatakupa masizi na harufu. Petroli, hapana, kwa hali yoyote ile: mvuke wake unalipuka, na jiko hili halikutengenezwa kwa ajili yake. Kuhusu spiriti ya kuganda, kama ile iliyowahi kuuzwa nchini kwa jina la Moto Poa, uzuri wake ni kwamba haimwagiki kirahisi, lakini hutumika kwenye kopo la wazi. Kwenye kopo la matundu ninaloeleza hapa haifanyi kazi vizuri.

Sasa kopo. Chukua kopo dogo la nyanya ya gramu 70, lile la kila duka la mtaani. Lioshe, ondoa karatasi, kisha ponda kwa ndani ukingo uliobaki baada ya kufungua, usikukate. Kata ukanda wa karatasi unaolizunguka kopo mara moja kamili, ukunje katikati mara nne mfululizo. Ukiufungua una mikunjo inayogawa mzunguko sehemu 16 zilizo sawa. Uzungushe tena kwenye kopo na uweke alama kwa kalamu penye kila mkunjo, chini kidogo ya mdomo, kama upana wa kidole kidogo. Safu ya pili ya alama iweke nusu sentimita na ushee chini ya ile ya kwanza, kila alama ikikaa katikati ya mbili za juu yake.

Kabla ya kugonga msumari, lijaze kopo mchanga wenye unyevu na uushindilie mpaka ugome kwa kidole. Bila mchanga, bati linabonyea na tundu linatoka limepinda. Ukiwa nao, msumari wa inchi 3 unapita safi kwa pigo moja au mawili. Toboa alama zote kwanza kwa msumari huo, halafu upanue kila tundu kwa msumari mnene zaidi hadi kalamu ya risasi iingie ncha yake yote. Ndani kutakuwa na meno makali. Yasugue kwa msasa uliozungushwa kijitini. Mwaga mchanga, suuza, jiko limekwisha. Safu ya chini ya matundu iwe juu ya nusu ya kopo, ili nafasi ya spiriti isipungue.

Linavyofanya kazi ni hivi. Unatia spiriti, unawasha, na mwanzoni moto unacheza mdomoni mwa kopo. Baada ya nusu dakika hivi bati limepata joto na spiriti imeanza kuchemka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 tu. Hapo unaweka kikombe au kisufuria juu ya kopo lenyewe. Mdomo unazibika, mvuke unakosa pa kutokea isipokuwa matunduni, na ndimi za moto zinatoka pembeni kuzunguka kitako cha sufuria. Ukiweka chombo mapema mno moto unazimika, basi washa tena na uvute subira.

Kopo la nyanya linabeba kikombe cha bati cha nusu lita bila wasiwasi. Sufuria ya lita moja juu yake inayumba, na sufuria inayoyumba juu ya moto si kitu cha kuvumilia. Kwa watu wawili tumia kopo la jodari, lenye upana wa sentimita 8 hivi, kwa utaratibu ule ule wa matundu, na sufuria yenye kitako kipana bapa.

Kuna wanaopenda jiko la makopo ya soda: vitako viwili vya kopo la alumini vinaingizwa kimoja ndani ya kingine, matundu ya sindano yanazunguka juu, na uzito wote haufiki gramu 15. Ni kazi nzuri ya mikono. Lakini lina ukuta mwembamba, linabonyea begini, linahitaji kiegemeo cha pembeni cha kuwekea sufuria, na halikupi chai kwa haraka kuliko kopo la nyanya. Kwa mazingira ya Dodoma mimi nachagua bati.

Upepo ndio unaoamua kama utakula. Ndimi za spiriti ni laini, na upepo wa mchana wa Agosti utazilaza zote upande mmoja, ukabaki na sufuria yenye joto ubavuni na baridi katikati. Kwa hiyo kinga ya upepo si pambo, na uipe muda mwingi kuliko ulioupa kopo. Kata ubavu wa makopo mawili ya bia ya nusu lita uwe vipande bapa, viunganishe kwa kukunjana kingo, upate ukanda mrefu wa kuizunguka sufuria na kubakiza nafasi ya upana wa kidole kati yake na bati. Kimo chake kifike katikati ya sufuria au zaidi. Kwa chini, upande mmoja tu, toboa matundu makubwa ya kuingiza hewa, na upande huo uupe mgongo upepo. Kingo zote zikunje, maana alumini iliyokatwa ni wembe. Ukanda mwepesi hivyo hupeperuka, basi uchomekee chini kwa spoku tatu za baiskeli. Fundi baiskeli yeyote ana spoku zilizokatika.

Mahali penyewe pa kupikia pana msaada kuliko vifaa. Makorongo ya mchanga yanayopita katika nchi hii huwa makavu miezi mingi, hayana nyasi, na kingo zake zinakata upepo. Chimba shimo la kina cha shubiri moja na upana wa mikono miwili, sakafu yake uisawazishe kwa kiganja, uweke bati bapa au jiwe la kukalia kopo ili lisizame, na jiko lako liko chini ya upepo. Acha upenyo wa kutosha kila upande, kwani shimo jembamba linalinyima hewa. Hilo ni la kiangazi peke yake. Masika yakianza, usilale wala kupika ndani ya korongo, hata kama juu yako mbingu ni safi. Mvua iliyonyesha mbali huleta maji ghafla. Usipikie pia kwenye mizizi ya mbuyu au juu ya majani makavu ya migunga. Na ukisafiri hadi Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, usiwashe chochote chini ya mwamba wenye michoro. Moshi na mvuke vinaiharibu, nayo haina mbadala.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapoungulia. Mchana wa jua, moto wa spiriti hauonekani. Kopo linaweza kuwa linawaka mbele yako ukadhani limezimika. Mtu akichukua chupa kuongeza, mkondo wa spiriti unashika moto na kurudi nao hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwake. Kwa hiyo sheria ni moja na haina msamaha: huongezi spiriti kwenye jiko lililokwisha kuwaka mpaka liwe baridi la kushikika kwa mkono mtupu. Pima kiasi kabla, mimina mara moja, funga chupa, ipeleke hatua kumi kutoka hapo upande unakotoka upepo, futa iliyomwagika, ndipo uchukue kiberiti. Ili kujua kama limezimika, weka kivuli kwa mwili wako uangalie, au sogeza kiganja kwa juu, mbali, usikie joto. Kuzima, funika kwa kopo kubwa lisilo na tundu. Kando ya jiko kuwe na maji au mchanga tayari, kila mara.

Usipikie ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Kitambaa cha hema kinayeyuka na kuwaka kwa sekunde, na hewa ya kaboni inayojikusanya ndani haina harufu ya kukuonya. Chupa ya spiriti isiwe ya maji ya kunywa kamwe: mtoto mwenye kiu, au mtu mzima gizani, hatanusa kwanza. Iache kwenye chupa yake ya dukani, izungushie utepe mwekundu, na ibebwe kwenye mfuko wa nje wa begi, mbali na chakula.

Kipimo kizuri ni bomba la sindano la mililita 20, lile la duka la dawa, bila sindano yenyewe. Nusu lita ya maji huchemka kwa mililita 20 hadi 25 za spiriti nzuri, ndani ya dakika 7 hadi 10, ukiwa umeikinga na upepo na umefunika sufuria. Bila mfuniko au bila kinga, hesabu hiyo isahau. Jaribu nyumbani uani jioni moja, uandike umetumia kiasi gani kwa sufuria yako. Kwa mtu mmoja, chai mbili, uji na chakula cha usiku vinataka mililita 120 hivi, na chupa ya robo lita, yenye uzito wa gramu 200, inatosha siku mbili.

Chagua chakula kinachoiva haraka. Maharage na makande yaache nyumbani. Mlenda mkavu uliosagwa ndio chakula bora cha kambini kwa nchi hii: unga wake ni mwepesi, unaiva dakika chache baada ya maji kuchemka, ukitiwa karanga za kusaga unashibisha. Uji wa uwele vilevile, ukikoroga unga kwa maji baridi kwanza. Ugali wa mtu mmoja unawezekana, lakini kuusonga kunatikisa sufuria. Ukishakuwa uji mzito, iteremshe sufuria, uibane kwa miguu juu ya kitambaa, usonge hapo chini, kisha uirudishe kidogo ujikaange. Tambi, mayai na dagaa waliokwisha kukaangwa havina shida. Zabibu kavu na ubuyu havihitaji moto kabisa.

Maji ya kunywa usiyachemshe yote kwa spiriti, utaimaliza. Maji ya kuchimbwa mchangani yachuje kwa kitambaa, yatie dawa ya klorini kama WaterGuard na usubiri muda ulioandikwa. Moto uuache kwa yale ya dharura: Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, na dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha kuua vijidudu.

Mtu akiungua, mpoze kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, polepole, hata kama ni kwa kukingia na kumwagia kwa kikombe. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, funika kwa kitambaa safi, upesi zahanati. Moto ukishika nyasi na kukushinda, piga 114, Zimamoto, kabla ya kuwapigia jamaa.

Jiko hili lina mipaka yake. Kwa kundi la vijana kumi wa kwaya au skauti, chukueni gesi na mgawane kubeba. Kugawa vikopo kumi vya moto usioonekana kwa watoto ni hatari. Kwa safari ya wiki nzima nalo linashindwa, kwa sababu kilo ya ethanoli ina nishati kama asilimia 60 tu ya ile ya mafuta ya taa, na chupa zinaanza kuwa nzito kuliko jiko lenye nguvu zaidi. Kwa mmoja au wawili, usiku mmoja hadi mitatu, sijaona linalolishinda kwa wepesi na kwa bei.

Na ukifika Zuzu, kabla ya kushusha begi, pita kwa mwenyekiti wa mtaa. Msalimie, mwambie utalala wapi, siku ngapi, na kwamba unapika kwa spiriti, si kwa kuni. Mwombe akuonyeshe korongo lililo salama. Wenyeji wanayajua yote.